Kutunza Betri ya Pikipiki Isiyotumika

1. Pikipiki iliyowekwa ghalani

Mfikirie bwana shamba anayevihudumia vijiji vitano kwa pikipiki. Mwezi wa Machi mvua za masika zinaanza. Barabara inageuka matope na mto hauvukiki. Bwana shamba anaiweka pikipiki yake ghalani, anaifunika kwa turubai, na kuanza kwenda kazini kwa miguu.

Mwezi wa Juni njia zimekauka. Anaifunua pikipiki na kubonyeza kitufe cha stata. Injini haiwaki. Fundi anaipima betri, kisha anasema, "Betri hii imekufa. Inakupasa kununua nyingine." Bwana shamba anashangaa, kwani betri ile haikufanya kazi yo yote kwa muda wa miezi mitatu. Je, kitu kilichopumzishwa kinaweza kufa kwa kupumzika? Ili tupate jibu, tutazame kwanza yaliyomo ndani ya betri.

2. Ndani ya betri

Betri nyingi za pikipiki ni za aina iliyobuniwa mwaka 1859 na mwanasayansi wa Ufaransa, Gaston Planté. Sanduku la betri ya volti 12 limegawanywa katika vyumba sita viitwavyo seli. Kila seli hutoa volti 2 hivi. Seli sita zikiunganishwa mfululizo hutoa volti 12.

Ndani ya kila seli mna mabamba ya aina mbili. Moja ni la madini ya risasi, na la pili lina oksidi ya risasi. Mabamba hayo yamezama katika asidi ya salfuri iliyochanganywa na maji.

Betri inapotoa umeme, asidi huungana na mabamba, na juu ya mabamba hayo hufanyika fuwele ndogo nyeupe za salfeti ya risasi. Asidi hupungua na maji huongezeka. Betri inapochajiwa, mambo hugeuka: salfeti huondoka kwenye mabamba, na asidi hurudi katika nguvu yake. Pikipiki inapotembea, injini huzungusha mtambo mdogo wa kuzalisha umeme, na mtambo huo huichaji betri.

3. Betri haipumziki

Hata nyaya zote zikifunguliwa, asidi na mabamba huendelea kufanya kazi kimya kimya. Kila siku betri hupoteza umeme kidogo. Joto huharakisha jambo hilo, kwa hiyo betri iliyowekwa mahali penye joto kali huisha upesi kuliko iliyowekwa mahali pa baridi. Tena, pikipiki yenye saa au king'ora cha kuzuia wezi hutumia umeme hata ikiwa imezimwa.

Lakini kuisha umeme si kufa. Betri iliyoisha leo ikichajiwa kesho huweza kupona. Hatari ni kuiacha hivyo kwa majuma mengi. Fuwele ndogo za salfeti hukua, zikawa kubwa na ngumu, na kuyafunika mabamba. Hapo betri hata ikichajiwa, fuwele hizo haziondoki. Hilo ndilo lililoiua betri ya bwana shamba. Haikufa kwa kazi. Ilikufa kwa kuachwa tupu.

Jaribio: Fuwele ndogo na fuwele kubwa

Vifaa: glasi mbili za maji, vijiko viwili, chumvi ya unga, na donge la chumvi ya mawe lenye uzito sawa na chumvi hiyo ya unga.

Tia chumvi ya unga katika glasi ya kwanza, na donge katika glasi ya pili. Wewe na mwenzako zikorogeni kwa kasi iliyo sawa. Ni chumvi ipi iliyoyeyuka kwanza?

Utaona kwamba chumvi ya unga huyeyuka upesi, bali donge hukawia. Chembe ndogo huguswa na maji pande zote, lakini sehemu kubwa ya donge imejificha ndani. Fuwele za salfeti hazitoweki kwa kuyeyuka kama chumvi. Huondolewa kwa umeme. Hata hivyo kanuni ni moja: zikiwa ndogo huondoka kwa urahisi, na zikiwa kubwa hukataa.

4. Namna ya kuitunza

Kazi hii hufanywa na fundi au mtu mzima. Wewe tazama ukiwa umesimama mbali kidogo, na ujifunze sababu ya kila hatua.

(a) Betri ichajiwe mpaka ijae kabla ya kuwekwa. Ikiachwa saa kadhaa baada ya kuchajiwa, betri nzima iliyojaa huonyesha volti 12.6 au zaidi.

(b) Betri ifunguliwe kutoka kwenye pikipiki. Waya wa upande hasi (−) hufunguliwa kwanza, kisha wa upande chanya (+). Katika pikipiki nyingi upande hasi umeunganishwa na fremu. Ukiwa umekwisha funguliwa, spana ikigusa fremu haitatoa cheche. Wakati wa kurudisha, chanya hufungwa kwanza na hasi mwisho.

(c) Vichwa vya betri visafishwe. Unga mweupe au wa kijani ulioganda hapo huondolewa kwa maji yenye magadi. Povu linalotoka huonyesha kwamba magadi yanaiua asidi. Maji hayo yasiingie ndani ya seli. Baada ya kukauka, vichwa hupakwa grisi.

(d) Kimo cha maji kitazamwe. Betri yenye vifuniko huwa na mistari miwili ubavuni, na maji yanapaswa kuwa kati yake. Yakipungua, huongezwa maji safi ya betri yaliyokenekwa. Maji ya kisima au ya mto yana madini yanayoharibu mabamba. Asidi haiongezwi, kwa kuwa kilichopotea ni maji tu. Betri iliyozibwa kiwandani haifunguliwi.

(e) Betri iwekwe mahali pakavu, penye hewa na kivuli.

(f) Betri ipimwe na kuchajiwa kila mwezi. Ikishuka chini ya volti 12.4, isingojwe. Umeme wa kuchaji uwe mdogo: betri ya ampea-saa 7 huchajiwa kwa ampea 0.7 hivi.

Watu wengine huiwasha pikipiki kwa dakika mbili kila juma, wakidhani wameichaji betri. Stata hutumia umeme mwingi, na injini inayonguruma polepole kwa muda mfupi huenda isirudishe hata ule uliotumika.

5. Katika nchi za baridi

Huko Kanada na Ujerumani pikipiki nyingi hufungiwa ndani wakati wa kipupwe, theluji inapofunika barabara. Baridi hupunguza mwendo wa betri kujimaliza, lakini huleta hatari nyingine. Betri iliyojaa ina asidi kali, nayo haigandi hata kwenye nyuzi 50 za Sentigredi chini ya sifuri. Betri iliyoisha imejaa maji zaidi. Huweza kuganda kwenye nyuzi 10 hivi chini ya sifuri. Barafu hutanuka na kupasua sanduku. Kwa hiyo huko nako kanuni ni ile ile: betri isiachwe tupu.

6. Hadhari

Asidi ya betri huunguza ngozi na kupofusha macho. Ikikurukia, jioshe papo hapo kwa maji mengi, kisha uende zahanati. Betri inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo hulipuka. Kwa hiyo moto, sigara na cheche visiwe karibu. Usivunje betri kuukuu wala kuchezea risasi yake, kwa maana risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Betri iliyokufa irudishwe kwa muuzaji au kwa wanaozikusanya.

Mambo ya kukumbuka

Betri hujimaliza yenyewe hata isipotumika.
Betri iliyoachwa tupu hufanya fuwele ngumu, na haiponi.
Betri isiyotumika ijazwe kwanza, kisha ichajiwe kila mwezi.

Maswali

1. Kwa nini betri ya bwana shamba ilikufa ingawa haikutumika?
2. Seli ngapi zenye volti 2 zinahitajiwa ili kupata volti 6?
3. Eleza kwa nini waya wa upande hasi hufunguliwa kwanza.
4. Katika jaribio, donge la chumvi linafananishwa na nini ndani ya betri?
5. Betri mbili zimewekwa, moja Tanga penye joto, na nyingine Makete penye baridi. Ipi itajimaliza upesi? Toa sababu.
6. Mtembelee fundi wa pikipiki wa karibu nawe pamoja na mwalimu wako. Mwulize betri nyingi anazoletewa zimeharibika kwa sababu gani, kisha uliandikie darasa maelezo mafupi.