Kuinua Motokaa ya Safari Yenye Mzigo Mzito

Wasikilizaji wetu, katika mazungumzo ya leo twataka kueleza habari za motokaa za safari, zile ambazo injini huzungusha magurudumu yote manne, kama Land Cruiser na Land Rover. Mmeziona zikipita na wageni kwenda Serengeti na Maasai Mara, zimejaa watu, mahema, maji na chakula. Wenye motokaa hizi hupenda kuziinua, yaani kuondoa springi za kiwandani na kutia nyingine ndefu au ngumu zaidi ili gari lisimame juu. Jambo hilo lina faida. Lakini likifanywa bila hesabu huweza kupindua gari na kuua watu.

Kwanza yafaa tujue kazi ya springi. Springi hubeba uzito na kupokea pigo la shimo. Gari likilemewa, springi za nyuma hubonyea mpaka ekseli ikagonga chasisi, na pigo lote huingia katika chuma. Taa za mbele hutazama juu na kuwapofusha wanaokuja. Tena magurudumu ya mbele hupungukiwa na uzito, na usukani hauyashiki vema. Dawa ya maradhi haya si urefu, bali ni springi zinazolingana na mzigo.

Basi mzigo ni kiasi gani? Hapa wengi hukisia, na kukisia hudanganya, kwa maana haba na haba hujaza kibaba. Na tufanye hesabu. Watu 6, kila mmoja wa kilo 75, ni kilo 450. Maji lita 80 ni kilo 80. Dizeli lita 180 ni kilo 150 hivi. Magurudumu mawili ya akiba, tuseme kilo 70; mahema, vyombo na chakula, kilo 150. Jumla ni kilo 900, wala hatujataja chuma cha kulinda mbele wala kichanja cha juu ya paa.

Njia iliyo bora ni kulipeleka gari kwenye mizani likiwa limejaa kama litakavyosafiri. Pimeni ekseli ya mbele peke yake, kisha ya nyuma peke yake, kwa sababu springi huchaguliwa kwa kila upande. Mahali pa mzigo pia pana maana. Katika gari ambalo ekseli zake zimeachana mita 3, kilo 100 zikiwekwa mita 1 nyuma ya ekseli ya nyuma huongeza hapo kilo 133, nazo huinua kilo 33 kutoka ekseli ya mbele, kama watoto wanavyopembea juu ya ubao.

Mkiisha kujua uzito, ulizeni: je, mzigo huu haushuki kamwe, au hupanda na kushuka? Springi iliyofanywa kwa kilo 600 za daima, ikiachwa bila mzigo, huwa ngumu kama gogo. Gari hurukaruka, na tairi huacha njia. Kwa hiyo chagueni springi kwa uzito ulio garini siku zote, si kwa safari moja ya mwaka. Wengine hutia mifuko ya mpira yenye hewa kusaidia springi za mabapa. Hiyo hunyanyua mkia wa gari, lakini husukuma chasisi mahali pamoja tu, na gari lililozidishiwa mzigo nyuma limeweza kupinda chasisi kwa sababu hiyo.

Sasa tuje kwenye urefu. Wengi hudhani kwamba gari likiinuliwa milimita 50, basi mawe yote yatapita chini yake. Sivyo. Springi huinua bodi na chasisi. Lakini ekseli nzima, pamoja na kile kibuyu cha gia kilicho katikati yake, hukaa pale pale, maana hutegemea matairi. Tairi ambalo kipenyo chake kimezidi milimita 50 huinua ekseli milimita 25 tu. Faida ya springi ndefu ni kwamba tumbo la gari, pua yake na mkia wake havigusi upesi katika korongo, na gurudumu hupata nafasi ya kupanda na kushuka.

Kwa gari lenye mzigo mzito, kuinua kwa milimita 50 hivi kwatosha kwa safari nyingi. Kila kinachozidi hapo hudai malipo. Baharia hupakia shehena nzito ngamani, chini kabisa, ili jahazi lisipinduke; nasi tukiinua gari, kisha tukarundika mahema na maji juu ya paa, twafanya kinyume cha baharia. Tena usukani hubadilika. Land Cruiser za namba 70 zilizo imara, tangu mwaka 1999, zina springi za koili mbele. Gari la namna hii likiinuliwa, ekseli ya mbele hujizungusha kidogo, na usukani hauna tena hamu ya kurudi katikati. Hapana budi kutia bushi za kusahihisha. Mipira ya breki nayo itazamwe, isije ikavutika ikakatika.

Msisahau shokomzoba. Springi hubeba, shokomzoba hutuliza. Katika njia iliyojikunja kama bati, kama ile itokayo Naabi kwenda Seronera, shokomzoba hufanya kazi bila kupumzika, mafuta yake huchemka na kutoa povu, na gari huanza kuyumba. Springi mpya ngumu zikitiwa pamoja na shokomzoba za zamani, kazi haijakamilika. Nunueni vyote kwa pamoja, vya kipimo kimoja. Wala msiwasikilize wanaotia vipande vya chuma kati ya springi na ekseli ya mbele ili kupata urefu wa bei rahisi. Vikiteleza, hapana usukani.

Neno la mwisho ndilo kubwa. Kuinua gari hakuongezi uzito ambao mtengenezaji ameruhusu. Gari laweza kusimama sawasawa, likapendeza machoni, na huku ekseli, beringi na breki zimebeba kupita nguvu zake. Uzito huo umeandikwa na mtengenezaji. Usomeni, kisha uwekeni kando ya hesabu ya mizani. Ikiwa mizani yashinda, msinunue springi: punguzeni mzigo.