Bango la Bogart na Dalali wa Mbali

Mnada unapotajwa Kampala, wengi huwaza gari lililokamatwa kwa deni au kiwanja cha mtu aliyeshindwa na mkopo wa benki. Dalali wa mali hizo anajua bei ya Toyota kuukuu hata akiamshwa usiku wa manane. Akiwekewa mezani bango la sinema la mwaka 1952, ataona karatasi ya kufungia maandazi.

Karatasi hiyo huenda ina mnunuzi ng'ambo. Mwaka 1951 mwongozaji John Huston aliwaleta waigizaji Humphrey Bogart na Katharine Hepburn hadi Butiaba, kando ya Ziwa Albert, kupiga filamu ya bango hilo, The African Queen. Kampala nayo ilikuwa na majumba yake ya sinema. Norman, maarufu kuliko mengi, baadaye liligeuzwa kanisa la Watoto Church. Mabango ya zama zile hayakutengenezwa ili yadumu: filamu ikiisha muda wake, bango lilibanduliwa, likatupwa au likapelekwa mji mwingine. Ndiyo sababu yaliyosalia ni machache.

Kabla ya kutafuta mnada, mwenye bango alikunjue taratibu juu ya meza safi na kushika rula. Bango la Uingereza la wakati huo hulala: upana inchi 40, kimo inchi 30. La Kimarekani la kawaida husimama, inchi 27 kwa 41. Pembeni chini ya lile la Kimarekani huwa kuna namba ndogo yenye mkwaju. Tarakimu mbili za mwanzo ni mwaka, na zikitanguliwa na herufi R, basi filamu ilikuwa inarudishwa sinema kwa mara nyingine, na bei hushuka. Alama za mikunjo si aibu, kwani mabango ya miaka hiyo yalisafirishwa yakiwa yamekunjwa. Linalotia shaka ni lile lililonyooka, linalong'aa, lisilo na kovu. Watu wa Nasser Road, mtaa wa wachapaji wa Kampala, wanaweza kuchapa nakala ya namna hiyo kabla chai haijapoa.

Hapo ndipo swali la nyumba ya mnada linapokuja, na jina kubwa peke yake si jibu. Heritage ya Dallas iliuza bango la Dracula la mwaka 1931 kwa dola 525,800 mnamo Novemba 2017. Habari ya namna hiyo humtoa mtu mate, lakini haimwambii lolote kuhusu bango lake. Kinachomfaa ni kumbukumbu za mauzo: je, nyumba hii imewahi kuuza bango la filamu hiyohiyo, la ukubwa uleule, na kwa bei gani? Heritage huweka matokeo yake ya zamani mtandaoni. Uingereza wapo Ewbank's wa Surrey na Prop Store, wanaofanya minada ya mabango mara kwa mara. Bango la Uingereza kwa kawaida hupata washindani wengi zaidi huko kuliko Texas.

Kisha kuna makato. Tuseme nyundo imegongwa kwa pauni 1,000. Nyumba ikichukua kamisheni ya asilimia 15, na asilimia 3 ya bima na picha, zinabaki 820. Usafirishaji ukila 90, muuzaji anaondoka na 730. Wakati huohuo mnunuzi ametozwa ada yake, tuseme asilimia 25, kwa hiyo yeye amelipa 1,250. Muuzaji asidhani hiyo ada haimhusu. Mnunuzi mzoefu huijumlisha kichwani kabla ya kuinua mkono, akapunguza dau lake. Nyumba inayojisifu kwa kamisheni ndogo huenda imeuhamishia mzigo huo upande wa pili.

Mkataba pia useme kuhusu bei ya chini kabisa, ile ambayo bango haliuzwi chini yake. eMoviePoster ya Missouri ilijulikana miaka mingi kwa kuanza kila kitu na dola 1, bila kinga hiyo. Kwa bango linalogombaniwa, mtindo huo huchangamsha mnada. Kwa bango linalotakwa na watu wawili tu, ni kamari. Na lenye kinga lisipouzwa, nani analipia kulirudisha hadi uwanja wa ndege wa Entebbe?

Mabango ya Wakaliwood, studio ya filamu ya Kampala, ni habari nyingine. Who Killed Captain Alex? ya Nabwana I.G.G., iliyotoka mwaka 2010, ina mashabiki dunia nzima, lakini ni changa mno kwa nyumba zinazopima thamani kwa mauzo ya miongo iliyopita. Kwa mabango hayo, kumuuzia shabiki moja kwa moja kuna faida zaidi.

Jambo moja linaponza mabango mengi ya mjini hapa: laminesheni. Cheti cha shule hutiwa plastiki ili kisichakae, na mwenye bango huona vema alifanyie vivyo hivyo. Plastiki ikishashikana na karatasi kwa moto haitoki bila kuichana, na hakuna nyumba makini itakayolipokea. Liachwe na mikunjo yake, lisitiwe selotepu, libanwe kati ya makatoni mawili magumu, lipigwe picha mbele na nyuma. Picha hizo zitumwe kwanza kwa nyumba mbili au tatu. Karatasi yenyewe ibaki sandukuni hadi makadirio yarudi.