Muhogo wa Mwaka wa Ukame



Masika yanapochelewa hapa Lunga Lunga, mahindi hunyauka kwanza, nao muhogo hubakia. Siri yake ni kubadilika. Jua likikaza, hufunga vitundu vidogo vya majani yake usipoteze maji, hupukutisha majani, kisha hungoja. Mvua ikirejea, hutumia wanga uliojiwekea kuchipua upya. Tabia hii ya mmea kujigeuza kulingana na mazingira ni rehema kubwa.

Hata hivyo, kustahimili jua si kustahimili maradhi. Kuanzia miaka ya 1930, wataalamu wa kituo cha Amani, katika milima ya Usambara ng’ambo ya mpaka wetu, waliuchanganya muhogo na jamaa yake, mti wa mpira wa Ceara, ili wapate mbegu inayohimili batobato, ugonjwa unaokunja majani na kuyatia mabaka ya manjano. Katika kazi hiyo ilitoka mbegu ya Kaleso, iliyopandwa sana pwani ya Kenya. Baadaye kituo cha utafiti wa kilimo cha Mtwapa kilitoa nyingine, zikiwamo Tajirika, Karembo na Shibe. Kibandameno chetu kinapendwa kwa utamu, lakini batobato hukishambulia upesi.

Basi akina mama walizingatie na hili. Katika ukame, muhogo huzidisha pia sumu yake ya sayanidi. Shina lililotoa muhogo mtamu mwaka jana, pingili zake zaweza kutoa mchungu mwaka huu. Mwaka 1981, wakati wa ukame mkoani Nampula, Msumbiji, watu zaidi ya 1,000, wengi wao wanawake na watoto, walipooza miguu kwa kula muhogo mchungu usiotayarishwa vyema. Ulemavu huo hauponi.

Kwa hiyo, mwaka wa kiangazi kikali, watoto wasitafune muhogo mbichi. Menya ganda lote, kwani ndilo lenye sumu nyingi. Ukiwa mchungu, kuchemsha pekee hakutoshi: uloweke siku tatu au zaidi, umwage maji, uuanike juani, ndipo usage. Kisamvu kitwangwe na kichemshwe vizuri. Tena muhogo uliwe pamoja na samaki au kunde, maana protini huusaidia mwili kuiondoa sumu.

Mbegu bora ni kazi ya mtaalamu na mkulima. Usalama wa sahani ni amana ya jikoni.