Kompyuta ndani ya kompyuta: Njia ya kuokoa hesabu za korosho Mtwara

MSIMU wa korosho mikoa ya kusini hufunguliwa Oktoba. Ndio mwezi ambao malori huanza kupanga foleni kwenye maghala ya Mtwara, makarani wa vyama vya msingi hukesha wakijumlisha kilo, na mawakala wa forodha jirani na bandari hukosa hata muda wa kunywa chai. Mwaka 2025, mwezi huo huo, tarehe 14, kampuni ya Microsoft ya Marekani ilisitisha matengenezo ya bure ya Windows 10, mfumo uliozoeleka katika ofisi ndogo kwa miaka 10.

Kompyuta hazikuzimika siku hiyo. Ziliwaka kama kawaida, na wengi hawakujua kuwa kuna kilichobadilika. Lakini tangu hapo, tundu jipya la wezi wa mitandao likigundulika ndani ya Windows 10, halizibwi tena isipokuwa kwa aliyejiandikisha kupata nyongeza ya muda. Mtumiaji wa nyumbani aliongezewa mwaka mmoja tu, hadi Oktoba 2026. Ofisi hulipia kwa kila mashine.

Anayetaka kuhamia Windows 11 naye ana kikwazo. Mfumo huo unadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa mashine za Intel hukubali kwa kawaida zile za kizazi cha 8 kwenda juu, yaani zilizotoka kuanzia mwaka 2017 hivi. Kompyuta za mezani za mitumba, ambazo ndizo wenye mitaji midogo huzimudu, nyingi ni za kabla ya hapo. Kwa hiyo mfanyabiashara hujikuta akivunja kibubu na kununua mashine nyingine.

Hapo ndipo balaa lenyewe linapoanza. Mashine mpya imewashwa, inang'aa, ina kasi, lakini programu ya hesabu iliyotengenezwa enzi za Windows XP na kijana ambaye siku hizi hapatikani hata kwa simu inagoma kufunguka. Mle ndani ndimo yalimo majina ya wakulima, kilo za kila mmoja, madeni ya pembejeo na malipo ya misimu kadhaa. Kwa mwenye duka la salfa na dawa za mikorosho, ndimo lilimo daftari zima la mikopo.

Kwa matatizo ya namna hii kuna dawa iliyokuwapo siku nyingi, ila wenye biashara ndogo walikuwa hawaijui au waliiona ghali. Dawa hiyo ni programu za kutengeneza kompyuta pepe, yaani kompyuta isiyoshikika inayoishi ndani ya kompyuta inayoshikika. Mbili zinazojulikana zaidi zilitoa matoleo mapya mwaka 2025: VirtualBox ya kampuni ya Oracle ilitoa toleo la 7.2 mwezi Agosti, na VMware Workstation Pro ikatoa toleo lililopewa jina la 25H2 mwezi Oktoba.

Katika matoleo hayo yamo mambo mengi ya kuwafurahisha mafundi. VirtualBox, kwa mfano, imepanga upya vitufe vyake na sasa inafanya kazi na Windows ya kompyuta zenye prosesa za Arm. Kwa muuza korosho hayo si kitu. Habari kubwa kwake ni bei. Hadi mwaka 2024 Workstation Pro ilikuwa ya kulipia. Broadcom, kampuni iliyoinunua VMware Novemba 2023, iliifanya kuwa bure kwa matumizi binafsi Mei 2024, na Novemba mwaka huo huo ikaifanya bure kwa wote, wakiwamo wafanyabiashara. Gharama iliyobaki ni usumbufu wa kujiandikisha kwenye tovuti yao kabla ya kuipakua, na kukosa mtu wa kumpigia simu mambo yakiharibika.

Ghala moja, mafungu mbalimbali

Mkulima aliyewahi kupeleka korosho kwenye ghala kuu hatapata shida kuelewa jambo hili. Ghala ni moja, paa ni moja, mlinzi ni mmoja. Lakini mzigo wa chama hiki hupangwa pembeni na mzigo wa chama kile, kila fungu na stakabadhi yake. Fungu moja likiingia unyevu, la jirani linaweza kubaki salama.

Programu kama VirtualBox hufanya hivyo hivyo ndani ya kompyuta. Hukata kipande cha kumbukumbu ya kazi, ile ambayo mafundi huiita RAM, na kipande cha diski, kisha huviwekea uzio. Ndani ya uzio huo unafunga Windows ya zamani, nayo hujiona ipo peke yake kwenye mashine yake. Kwenye kioo huonekana kama dirisha moja kati ya madirisha mengine. Unalifungua, unaikuta Windows XP na programu yako ya hesabu, unafanya kazi, unalifunga, unarudi kwenye Windows 11 kusoma barua pepe.

Na kompyuta hiyo pepe yote, pamoja na kila kilichomo, ni mafaili machache tu kwenye diski. Hapo ndipo penye faida kubwa ambayo wengi huipita. Faili hunakiliwa. Karani akinakili folda hiyo kwenye diski ya nje kila Ijumaa, ofisi ina kompyuta ya pili iliyokaa kabatini. Mashine ikiibwa au ikiungua Novemba katikati ya minada, hununuliwa nyingine, hufungwa VirtualBox, hurudishwa faili, na kazi huendelea kutoka ilipoishia Ijumaa.

Wazo lenyewe si geni. Kampuni ya IBM ya Marekani ilianza kugawa kompyuta moja kubwa iwe kama nyingi tangu miaka ya 1960, kwa sababu mashine zilikuwa ghali na watumiaji wengi. (Tanzania ya wakati ule ilikuwa na vita nyingine na mashine hizo: mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini.) VMware ilileta wazo hilo kwenye kompyuta za mezani mwaka 1999. VirtualBox ilifuata mwaka 2007 kutoka kampuni ndogo ya Ujerumani iitwayo Innotek, ikanunuliwa na Sun mwaka 2008, na Sun yenyewe ikamezwa na Oracle mwaka 2010.

Kwa nini Mtwara hasa

Bandari ya Mtwara ni mfano wa kitu kilichodumu kuliko kazi iliyokileta. Chanzo chake ni mradi wa karanga wa Waingereza. Mradi ulikufa mwaka 1951, reli ya kwenda Nachingwea ikang'olewa baada ya Uhuru, lakini gati likabaki na korosho zikalirithi. Serikali ilipoelekeza kuwa kuanzia msimu wa 2023/24 korosho za kusini zisafirishwe kupitia bandari hiyo, kazi iliyokuwa ikimalizikia Dar es Salaam ikahamia Shangani na mitaa ya jirani. Wakala mwenye chumba kimoja na kompyuta mbili sasa anabeba hati za makontena ambazo zamani zilishughulikiwa na makampuni ya Dar.

Tena Mtwara ni mbali na mafundi. Mei 2024 ilitoa somo. Mapema mwezi huo kimbunga Hidaya kilileta mvua iliyokata barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara eneo la Somanga, wilayani Kilwa. Siku chache baadaye, tarehe 12, nyaya za intaneti zipitazo chini ya bahari zilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika vibaya. Ndani ya wiki mbili kusini ilikosa barabara na intaneti ikawa ya kubahatisha.

Ni vizuri kulikumbuka hilo pale muuzaji atakapokuja na pendekezo la kuhamishia kompyuta yako yote kwenye seva za ng'ambo, kwa malipo ya kila mwezi. Huduma za aina hiyo zipo, na kwa benki au kampuni kubwa zina maana. Lakini zinaishi kwa pumzi ya intaneti. Kompyuta pepe iliyo ndani ya mashine ya mezani haijali waya wa baharini. Umeme ukiwapo, inafanya kazi.

Si kila mtu anahitaji mambo haya. Mnada wa korosho kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, ulioanza kutumika kwa zao hilo msimu wa 2024/25, unaendeshwa kwa mtandao. Mfumo wa usimamizi wa vyama vya ushirika, MUVU, nao ni wa mtandao. Mwenye kazi za aina hiyo pamoja na majedwali ya Excel anunue mashine inayokubali Windows 11 na aishie hapo. Kumfungia VirtualBox ni kumuuzia punda kengele. Anayeihitaji ni yule mwenye programu moja ya zamani asiyoweza kuiacha: daftari la wadeni, orodha ya wanachama wa chama cha msingi, au programu inayosoma mizani ya magari.

Mizani ni suala la pekee. Mizani nyingi za zamani hutuma uzito kwenye kompyuta kwa waya wa pini tisa, na mashine za siku hizi hazina tundu hilo. Hununuliwa kiunganishi cha kuingiza kwenye USB, kisha programu ya kompyuta pepe huelekezwa ipokee waya huo. VirtualBox na Workstation zote zinaliweza hilo. Hata hivyo fundi asilipwe kabla lori halijapanda mizani na kilo kuonekana ndani ya programu ya zamani, zikilingana na zilizoandikwa kwenye kichwa cha mizani. Hapa ndipo kosa dogo linapogeuka hasara ya mkulima. Tarakimu moja ikidondoka, wa kulipia si fundi.

Kuihamisha mashine ya zamani nzima nzima kunawezekana. Microsoft wana programu ndogo ya bure, Disk2vhd, inayonakili diski yote na kuifanya faili moja ambalo VirtualBox hulifungua. Ila Windows ikiamka ndani ya mwili mpya hugundua kuwa nyumba imebadilika na inaweza kudai leseni upya. Na leseni iliyokuja na kompyuta kutoka kiwandani kwa kawaida imefungwa na mashine ile ile. Programu ya kompyuta pepe kuwa bure hakuifanyi Windows iliyomo ndani kuwa bure.

Mtego mwingine wa leseni uko kwa Oracle. VirtualBox yenyewe ni bure hata kwa biashara. Lakini kuna nyongeza yake iitwayo Extension Pack, ambayo ni bure kwa matumizi binafsi, ya kielimu na majaribio tu. Mafundi wengi huifunga kwa mazoea, na Oracle hufuatilia makampuni yanayoitumia bila kulipa. Kwa kazi za ofisi ndogo mara nyingi haihitajiki.

Kuhusu nguvu ya mashine, GB 4 za RAM ambazo Windows 11 inazikubali kwa shingo upande hazitoshi kubeba mgeni. GB 8 ndio mwanzo wa kupumua. Windows XP yenyewe haina makuu, nusu GB inamtosha. Windows 7 ipewe GB 2. Kompyuta iwe ya biti 64, na kwenye mipangilio ya ndani kabisa, ile inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, uwezo wa kubeba kompyuta pepe uwe umewashwa. Mashine nyingi hutoka kiwandani ukiwa umezimwa, na hilo pekee limewafanya watu waamini kuwa programu ni mbovu. Ukiona kwenye VirtualBox picha ya kobe wa kijani chini ya dirisha, ujue Windows 11 imeshikilia uwezo huo kwa shughuli zake na kazi itakwenda kwa mwendo wa mnyama huyo.

La usalama halina mjadala. Windows XP iliachwa na Microsoft Aprili 2014, Windows 7 Januari 2020. Kuziweka ndani ya uzio hakuziponyi. Kompyuta pepe yenye mfumo wa zamani izimiwe mtandao kabisa, na flashi za wateja, ambazo ndizo zimesambaza virusi ofisi hadi ofisi kwa miaka, zisichomekwe humo. Kabla ya kazi kubwa, kama kufunga hesabu za mnada, karani achukue nakala ya hali ilivyo. Programu zote mbili zina kitufe cha kufanya hivyo, na mambo yakivurugika unairudisha kompyuta ilivyokuwa asubuhi. Umeme nao unaokatika ghafla wakati faili la kompyuta pepe limefunguliwa unaweza kuliharibu lote kwa mara moja, hivyo betri ya akiba ya dakika chache inafaa kununuliwa pamoja na mashine.

Kazi yote hii haifai kuanzwa Oktoba. Kati ya Machi na Agosti, mikorosho ikipigwa dawa na maghala yakiwa matupu, ofisi huwa na nafasi. Mashine ya zamani na kompyuta pepe ziendeshwe pamoja japo wiki mbili, karani akiingiza takwimu zile zile pande zote mbili na kulinganisha jumla ya kilo na makato, mkulima kwa mkulima. Na ile kuukuu isiuzwe wala kugawiwa watoto hadi malipo ya mnada wa kwanza yawe yamewafikia wanachama wote.