Fahamu: Kwa nini mita za LUKU ziliboreshwa mwaka 2024

Katika miji ya Kasulu na Kibondo, wapo walioamini kwamba maboresho ya mita za LUKU, yaani Lipa Umeme Kadri Utumiavyo, yalilenga kuharakisha kuisha kwa uniti. Ukweli ni kwamba kila tokeni, yaani namba ya tarakimu 20 anayopewa mteja baada ya kulipia, hubeba muda wake wa kutolewa, ambao kabla ya maboresho ulihesabiwa kwa dakika tangu Januari 1, 1993, ili tokeni moja isitumike mara mbili. Kwa kuwa hesabu hiyo ilikuwa na kikomo cha dakika 16,777,216, kilichofikiwa Novemba 24, 2024, mita ambayo haikuboreshwa ingezikataa tokeni mpya. Ndiyo maana mteja wa TANESCO, yaani Shirika la Umeme Tanzania, aliponunua umeme alipata makundi matatu ya tarakimu 20, mawili ya kuboresha mita na la tatu la uniti. Maboresho hayo yalihusu usomaji wa tokeni, wala hayakugusa kipimo cha matumizi.