Ulevi Unapoichukua Kumbukumbu

Wanazuoni wetu, wakieleza makusudio ya Sharia, wametaja mambo matano yapasayo kuhifadhiwa: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Aghalabu tunapoukemea ulevi majumbani mwetu, huutaja kwa mali iliyopotea na jina la ukoo lililochafuka. Leo twataka tuizungumzie akili, kwani ulevi wa miaka mingi, uwe wa mnazi, wa chang'aa au wa chupa za madukani, huleta maradhi ambayo jamaa wengi huyaona wasiyatambue.

Ubongo huhitaji vitamini B1, iitwayo pia thiamini, ili upate nguvu kutokana na chakula. Akiba iliyomo mwilini hutosha majuma machache tu. Mlevi wa kudumu hula kidogo, na hata katika hicho kidogo, pombe huuzuia utumbo kuifyonza vitamini hiyo.

Mwaka 1881 tabibu Mjerumani, Carl Wernicke, alizieleza dalili ambazo sasa zajulikana kuwa za upungufu huo: macho kuchezacheza, kupepesuka hata siku ambayo mtu hakunywa, na kuchanganyikiwa. Miaka michache baadaye, Mrusi Sergei Korsakoff alieleza hali ambayo mara nyingi hufuata: mtu hukumbuka mambo ya ujana wake, lakini husahau alilolifanya asubuhi, wala jambo jipya halimkai.

Hapa ndipo ugomvi wa nyumbani huanza. Mgonjwa hulijaza pengo la kumbukumbu kwa habari zisizokuwako. Akiulizwa jana alikuwa wapi, atajibu kwamba alikuwa harusini Lamu, na kumbe hakutoka mlangoni. Mkewe humwita mwongo, na watoto wakamcheka. Naye hakukusudia kumdanganya yeyote, ayasemayo anayaamini.

Wengine hupatwa na hali tofauti: husikia sauti zikiwatukana, wakaamini kuwa majirani wanapanga kuwaua. Nasi huharakisha kusema amerogwa, au ana jini. Kisomo cha Qur'ani ni kheri, wala hatukikatazi. Lakini kisiwe sababu ya kuichelewesha hospitali. Sindano za vitamini B1 zikiwahi, huweza kuuokoa ubongo. Zikichelewa, mara nyingi kumbukumbu hairudi yote.

Twatoa na onyo jingine. Wako wazazi ambao, kwa uchungu, humfungia kijana wao chumbani ili aache pombe kwa nguvu. Aliyeizoea pombe kwa miaka, akikatizwa ghafla, huweza kushikwa na kifafa, na kufikia siku ya pili au ya tatu akatetemeka, akaweweseka, akaona visivyokuwako, hata akafa. Kuiacha pombe ni wajibu. Kuachishwa kwake na kusimamiwe na daktari. Mamlaka ya NACADA hupokea simu za ushauri bila malipo kwa nambari 1192.

Dini yetu imefundisha kwamba aliyeondokewa na akili kalamu imeinuliwa kwake, haandikiwi dhambi mpaka imrudie. Basi ndugu akifikia hali hii, asifichwe chumba cha nyuma kwa kuogopa maneno ya mtaa. Apelekwe hospitali mapema, alishwe vizuri, na nyumbani ajibiwe kwa upole, japo aulize lile lile mara kumi. Mwenyezi Mungu atuhifadhie akili zetu na za watoto wetu, na awaponye wagonjwa wetu. Amin.