Kompyuta ya Kuhariria Video kwa Fedha Kidogo

Tangu chama chetu cha picha kilipopata mashine yake, wenzangu wengi wa madarasa ya chini wameniuliza jinsi tulivyoichagua. Nitaeleza, lakini kwanza yanipasa kuungama kosa langu.

Muhula uliopita nalipewa kazi ya kuhariri picha za kwaya yetu, zilizopigwa siku ya kumuaga mwalimu aliyeifundisha kwa miaka mingi. Nikazitia zote katika kompyuta moja kuukuu, nikaifuta kadi ya kamera ili itumike tena, kisha nikaanza kazi. Umeme ukakatika, ukarudi kwa nguvu, na diski haikusomeka tena. Zilisalia dakika 4 tu, zilizokuwa katika simu ya mwanafunzi mmoja. Mwalimu amekwisha kurudi kwao Arua, na wimbo ule hatutauimba tena mbele yake.

Sikuwa wa kwanza kupatwa na hayo katika mji huu. Huko Wakaliga, Bwana Isaac Nabwana alianzisha mwaka 2005 kampuni ya filamu ambayo watu huiita Wakaliwood, na kompyuta zake huziunganisha mwenyewe kwa vipande vilivyokwisha kutumika. Filamu yake ya mwaka 2010, Who Killed Captain Alex?, imetazamwa na watu wa nchi nyingi. Lakini alipoimaliza hakuwa na nafasi katika diski, akafuta picha za asili ili apate kufanya filamu nyingine. Tunayoitazama leo imetoka katika nakala ya DVD. Na iliyofuata, Tebaatusasula, ilipotea umeme ulipoharibu diski. Basi, mtu wa Kampala akinunua kompyuta ya video, aanze kufikiri juu ya umeme na diski, si juu ya taa za rangi zinazong'aa ndani ya kasha.

Tulikuwa na shilingi 1,500,000, na kioo tulikuwa nacho. Kwa fedha hizo kuunda mashine mpya kipande kwa kipande hakuwezekani. Tukanunua kompyuta ya ofisi iliyotumika, kisha tukaibadilisha tumbo. Muuzaji wa kwanza alituonyesha moja yenye maandishi ya Core i7, akadhani tutashangilia. Jihadharini na jambo hili! Namba ya kizazi ni kubwa kuliko jina. Core i5 ya kizazi cha nane ina viini sita, na i7 nyingi za kizazi cha nne zina vinne tu. Tukachukua i5 ya kizazi cha nane kwa shilingi 750,000, baada ya kubishana na yule ssebo mpaka jua likatua.

Ilikuja na kumbukumbu ya gigabaiti 8. Kwa kuandika barua zatosha. Kwa video, programu huanza kukwama. Tukaongeza 8 nyingine kwa shilingi 110,000. Kisha diski ya SSD ya gigabaiti 512, shilingi 180,000, kwa kazi inayoendelea, na diski ya nje ya terabaiti 1, shilingi 200,000, kwa nakala. Kamera yetu hula gigabaiti 8 hivi kwa saa moja, kwa hiyo diski ndogo hujaa upesi sana.

Kadi ya picha hatukununua. Kompyuta hizi nyembamba za ofisi zina kigavi kidogo cha umeme, na kadi kubwa haiingii wala hailishwi. Baadaye tutatafuta fupi isiyozidi wati 75, inayopata umeme katika nafasi yake yenyewe bila waya wa ziada. Kwa sasa twatumia Kdenlive, isiyolipiwa, nayo ina hila nzuri: hutengeneza nakala nyepesi za picha, unahariri hizo, na mwishoni inarudi katika zile nzito. Picha za 4K zilizokuwa zikikwama kama lori matopeni sasa zapita.

Shilingi 200,000 zilikwenda kwenye UPS. Baadhi ya wenzangu walinung'unika, wakitaka spika. Haitupi saa nzima. Yatupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuizima mashine kwa utaratibu, nayo hupunguza ule mshtuko wa umeme unaporudi. Zikabaki 60,000. Nauli ya boda ilizila kiasi, na zilizosalia tulinunua brashi na kopo la hewa, maana vumbi la barabara yetu huziba feni kwa wiki chache.

Sasa kadi ya kamera haifutwi mpaka picha ziwe mahali pawili, na mweka ufunguo hutia saini katika daftari. Kazi ya kwanza tuliyoifanya ni zile dakika 4. Sauti za soprano zasikika vizuri, besi kidogo tu, na mwalimu aonekana kwa mgongo, mkono mmoja juu. Tumempelekea.